Majira ya Baridi Ndani ya Gari-Nyumba: Uzoefu Wangu na Hita ya Dizeli ya Kilowati 2

Mimi na mke wangu tumeishi miezi 5 ya majira ya baridi ndani ya gari-nyumba lenye urefu wa mita 6. Ni gari lenye kitanda, jiko na choo, lakini kuta zake hazifiki hata sentimita 4 kwa unene. Usiku wa kawaida nje palikuwa na nyuzi 5 hadi 8 chini ya sifuri, na katika wiki mbili za baridi kali zaidi kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri. Hita ninayoielezea hapa ni ile ndogo inayochoma dizeli na kupuliza hewa ya moto, yenye nguvu ya kilowati 2. Ninaipenda na ningeinunua tena, ila ningemwomba mnunuzi asiifunge kabla hajaziba nyufa za gari lake, kwa kuwa huko ndiko tulikookoa mafuta mengi kuliko tulivyotarajia kutoka kwenye hita yoyote.

Gari lilikuja na hita ya gesi ya propani, na mwezi wa kwanza tuliitegemea hiyo peke yake. Joto lake ni zuri na linafika haraka, lakini sehemu kubwa ya joto la gesi hutoka nje pamoja na moshi, na katika hita za aina hii kupoteza theluthi moja si jambo la ajabu. Mtungi wa kilo 11 ulikuwa unaisha kwa siku 2, mara chache 3. Zaidi ya hapo, feni yake ilikuwa ikivuta ampea 7 kila inapozunguka, na kwa usiku mrefu wa saa 14 ambamo ilizunguka karibu nusu ya muda, asubuhi tuliikuta betri yetu ya ampea-saa 100 imebaki nusu. Betri ya risasi na asidi haipendi kushushwa chini ya hapo, na kwenye baridi uwezo wake hupungua hata bila kutumiwa. Paneli za jua hazikutusaidia vya kutosha, kwa sababu majira hayo jua huwa chini na mchana huwa mfupi. Kwa hiyo tulikuwa tunaishiwa gesi na umeme kwa pamoja.

Tulipoamua kuhamia kwenye dizeli nilifanya kosa ambalo naona wengi wanalifanya: nilinunua hita ya kilowati 5, nikidhani kwamba kubwa haiwezi kudhuru. Katika chumba kidogo kama chetu, hita hiyo ilifikia joto tulilotaka ndani ya dakika chache, kisha ikakaa kwenye moto wa chini kabisa kwa saa nyingi. Dizeli inayoungua kwa moto mdogo haiungui yote, na masizi hujikusanya ndani ya chumba cha mwako na kwenye ekzosi. Baada ya wiki 7 ilianza kutoa moshi mweupe, ikashindwa kuwaka, na nilipoifungua nilikuta masizi magumu yameziba wavu unaozunguka plagi ya kuwashia. Niliisafisha, nikaiuza, nikafunga ya kilowati 2. Tangu hapo hita inafanya kazi kwa nguvu ya kati au ya juu kwa sehemu kubwa ya siku, jambo ambalo ndilo linaloiweka safi, na mara moja kwa wiki naiacha iende kwa nguvu zote kwa nusu saa ili kuchoma mabaki.

Matumizi yake nimeyaandika kila siku kwenye daftari. Kwa nguvu zote hita hii inakunywa takriban robo lita kwa saa, na kwa nguvu ya chini takriban lita 0.1. Kabla ya kuziba nyufa ilikuwa ikienda kwa nguvu zote karibu mchana na usiku, na tulimaliza karibu lita 6 kwa siku. Baada ya kuziba, katika siku za baridi ileile, tulishuka hadi lita 4. Umeme inaoutaka ni mdogo: inapowaka plagi huvuta ampea 8 hadi 10 kwa dakika chache, kisha feni na pampu hushuka hadi ampea 1 au 2. Betri ileile iliyokuwa ikifa asubuhi sasa inatufikisha jioni ya pili. Katika zile wiki mbili za nyuzi 15 chini ya sifuri, hata hivyo, haikutosha. Ndani palibaki nyuzi 13, na ilitubidi kuongeza hita ya umeme. Anayekaa mahali penye baridi ya namna hiyo kwa miezi mfululizo, au katika gari kubwa kuliko letu, ana haki ya kuchagua nguvu kubwa zaidi.

Sasa nije kwenye kuziba. Usiku mmoja wenye upepo niliwasha kijiti cha udi na kukipitisha taratibu kando ya kila dirisha, mlango, kabati na tundu la waya, nikiangalia moshi unakoelekea. Nilishangazwa na mambo mawili. Upepo mwingi haukuingia kwenye madirisha, uliingia kwenye matundu ya mabomba chini ya sinki na nyuma ya friji, mahali ambapo hakuna mtu anayetazama. Na sehemu ya dereva ilikuwa kama mlango uliosahauliwa wazi: kioo kikubwa cha mbele, vioo vya milango, na sakafu ya bati isiyo na kitu chini yake. Matundu niliyajaza povu na silikoni. Sehemu ya dereva tuliitenga kwa pazia zito lililoshonwa kutokana na mablanketi mawili, linaloshuka hadi sakafuni na kubanwa pembeni, na pazia hilo peke yake liliongeza nyuzi 3 chumbani bila tone moja la mafuta. Madirisha tuliyakatia mabamba ya povu gumu yenye foili, tukayapachika kwa ndani kila jioni. Tundu la hewa la darini tuliliwekea mto wa sponji, na sakafuni tukatandika mikeka ya povu chini ya zulia. Kazi yote ilichukua siku mbili na vifaa vya kawaida kabisa, na kama ningeifanya mwanzo, ile mitungi ya mwezi wa kwanza ingekuwa michache zaidi.

Tulizungushia pia turubai kuanzia ukingo wa chini wa gari hadi ardhini, ili upepo usipite chini ya sakafu na mabomba ya maji yasigande. Hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini. Ekzosi ya hita nyingi za dizeli hutoka chini ya gari, na ukiishafungia nafasi hiyo kwa turubai, moshi hukusanyika humo na kutafuta njia ya kupanda ndani kupitia nyufa zilezile. Niliirefusha ekzosi hadi nje kabisa ya turubai, upande usio na dirisha wala mlango, nikauelekeza pia mrija unaovuta hewa ya kuchomea dizeli upande mwingine wa nje. Kila asubuhi ya theluji ninatoka na koleo kufukua mdomo wa ekzosi kabla ya kitu kingine chochote. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamshwi nayo. Tuna ving'ora viwili, kimoja karibu na kitanda na kingine karibu na hita, na tunavibonyeza kuvijaribu kila Jumapili. Kupasha chumba kwa jiko la gesi la kupikia au kwa mkaa hatujawahi kukubali hata kwa dakika kumi.

Sifa nyingine ya hita hii ni ukavu wake. Kila kilo ya propani inayoungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, na kwa vile vihita vya gesi visivyo na bomba la kutolea moshi, maji hayo yote hubaki chumbani, yakatiririka kwenye vioo na kuotesha ukungu chini ya godoro. Hita ya dizeli huchoma katika chumba kilichotengwa na kutupa mvuke wake nje. Pumzi zetu na sufuria ya chai bado zinaleta unyevu, kwa hiyo tunauacha upenyo wa vidole viwili kwenye tundu la darini tunapopika, na godoro tumelinyanyua juu ya chaga ili hewa ipite. Inaonekana kama kupoteza joto, lakini hewa kavu hupata moto kwa urahisi zaidi na matandiko hayawi mazito kwa maji.

Mahali ambapo tuliruhusiwa kuchomeka umeme na malipo yake yamo ndani ya kodi ya kiwanja, hita ya umeme ya wati 1,500 ilikuwa nafuu kuliko chochote. Palipo na mita hesabu inabadilika, kwa maana saa moja ya hita hiyo inakula uniti moja na nusu. Itumieni kwa waya mnene tu. Waya wetu wa kwanza wa kuunganishia ulikuwa mwembamba, na plagi yake iliyeyuka.

Kasoro za hita ya dizeli zipo. Pampu yake hugonga kama saa ya ukutani, na usiku wa kwanza mke wangu hakulala. Niliifunga upya kwenye mpira laini huku nikiielekeza juu kidogo, na sauti ikapungua hadi kuvumilika. Asubuhi moja ya baridi kali haikuwaka kwa sababu dizeli niliyoijaza mapema, kabla ya majira ya baridi, ilikuwa imeganda kama nta kwenye mrija. Dizeli ya majira ya baridi ndiyo inayofaa. Pia hairuhusiwi kukatiwa umeme ghafla, kwani feni inahitaji dakika kadhaa kupoza chumba cha mwako baada ya kuzima.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Usiku tunaishusha hadi nyuzi 12, tunalala na blanketi la umeme la wati 50 linalotumia betri ya volti 12, na saa 11 alfajiri hita hupanda yenyewe. Majira yajayo nitaongeza tangi la mafuta la lita 10 linalojazwa kutokea nje, ili nisiwe nikibeba dumu la dizeli mlangoni wakati theluji inaanguka.