Uanze na macho au uanze na historia?

Mabishano haya hayaishi: ukifika makumbusho, uitazame kazi yenyewe kwanza au usome habari zake? Chukua mchoro wa mchoraji Jan van Eyck wa mwaka 1434 ulioko makumbusho ya National Gallery, London: mfanyabiashara Arnolfini akiwa amemshika mwanamke mkono.

Kwa gharama, macho hushinda. Hayataki kitabu, yanataka dakika kumi za kusimama tu, ingawa miguu italalamika. Ndiyo yatakayokionyesha kile kioo cha mviringo ukutani, na ndani yake watu wawili wadogo wamesimama mlangoni, upande ulipo wewe. Maelezo ya ukutani hayakupi mshtuko huo.

Kwa uhakika, macho hudanganya. Wengi huapa kwamba mwanamke ni mjamzito. Anayejua mavazi ya enzi ile huona gauni la kitambaa kingi lililokusanywa tumboni. Lakini historia nayo ina mitego: ukishaambiwa mchoro unaonyesha harusi, unaacha kutazama, na wataalamu bado wanabishana kuhusu hilo.

Una nusu saa tu? Chagua kazi moja, itazame. Unaandika insha, au ni kinyago cha ibada ya jamii usiyoijua? Soma kwanza, umbo peke yake litakupoteza.