Fundi wa breki anayefuata gari nyumbani, Lushoto: kazi mbili alizonifanyia

Nina Hilux Vigo ya dizeli ya mwaka 2008. Mara tatu kwa wiki inashusha kabichi, karoti na njegere kutoka Lushoto hadi Mombo. Aliyepita barabara ile anaijua: zaidi ya kilomita 30, kona juu ya kona, huku ukuta wa mlima, kule korongo, na ukishaipita Soni kuelekea chini mguu wa dereva haukai mbali na breki. Anayeendesha ni mwanangu wa pili. Kwa hiyo fundi wa breki kwangu si mtu wa kuokota tu.

Mwezi wa tatu gari lilianza kulia tairi la mbele kushoto, sauti nyembamba kama kisu kinachonolewa. Tukalipeleka gereji moja huko chini. Fundi akachuchumaa, akachungulia kwenye matundu ya rimu, akasema, "Pedi bado zipo mama, hilo ni vumbi tu." Akapuliza kwa kompresa, nikalipa. Hakufungua hata nati moja. Siku mbili hazikuisha, sauti ikarudi.

Mwenzangu tunayeuza naye mboga ndiye aliyenipa namba ya huyu kijana anayefuata wateja majumbani. Alifika Jumapili saa mbili asubuhi kwa bodaboda, sanduku la vifaa limefungwa nyuma kwa mpira. Baada ya shikamoo, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama, hapa kwako sehemu iliyo tambarare ni ipi?" Uwanja wangu una mteremko, na gari lilikuwa limeegeshwa papo hapo kwenye mteremko. Akalisogeza hadi mbele ya stoo, akatia gia, akaweka mawe nyuma na mbele ya matairi ya nyuma. Nati alizilegeza tairi likiwa bado limekanyaga chini. Ndipo akapiga jeki, akaweka stendi chini ya chesisi, na tairi alilolitoa akalilaza chini ya gari pia. Mwanangu alipouliza kwa nini yote hayo, alimjibu kwamba jeki ni ya kunyanyulia tu, na yeye ana watoto.

Kisha akakata usukani ili kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski inayozunguka na gurudumu, itazame nje, akatuita wote wawili. Kalipa ya gari hili ina pistoni nne zinazosukuma pedi, mbili kila upande wa diski, na pedi zinashikiliwa na pini mbili. Ukizichomoa pini, pedi zinatoka bila kufungua kalipa. Alifuta vumbi kwa kitambaa kilicholowa. Kupuliza hakutaka kabisa, alisema vumbi la breki si la kuvuta puani. Akaziweka pedi mbili kwenye kiganja changu, akaniambia, "Usipime chuma, mama. Pima hiki cheusi kilichogandishwa juu ya chuma." Ya nje ilikuwa na milimita 6. Ya ndani haikufika 2, na kile kibati chembamba chenye kazi ya kupiga kelele pedi ikikaribia kwisha kilikuwa kimeshakwaruzwa kikang'aa. Aliyechungulia kwenye rimu aliiona ya nje peke yake. Nilisimama pale na ile pedi mkononi, nikahesabu kimoyomoyo gari lilikuwa limeshuka mara ngapi na mzigo tangu nilipoambiwa ni vumbi.

Angeweza kunibadilishia pedi siku ile ile akachukua hela yake. Hakufanya hivyo. Alijaribu kuzirudisha pistoni ndani, moja ya upande wa ndani ikagoma. Mpira wake wa kuzuia vumbi ulikuwa umechanika, maji yameingia, kutu imeshika. Ndiyo maana pedi ile ilikuwa haiachii diski hata mguu ukiondolewa. Hapo mwanangu akasema kumbe akifika Mombo rimu ya kushoto huwa ya moto kuliko ya kulia, na gari linavuta kushoto. Alidhani ni mzigo. Pia amekuwa akiongeza mafuta ya breki kila yakishuka. Fundi alimweleza kwa upole kwamba mara nyingi yanashuka kwa sababu pedi zimelika na pistoni zimetoka nje zaidi. Ukijazia, siku ya kuweka pedi mpya yanafurika, na yakimwagikia bodi yanakula rangi. Aliyavuta kidogo kwa bomba la sindano.

Nyuma hakuna diski, kuna ngoma, bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, na ndani yake viatu vya breki vinavyolibana. Alikaza boliti mbili kwenye matundu ya ngoma yenyewe ikajisukuma ikatoka, hakupiga nyundo. Viatu vilikuwa vizima.

Aliniomba gari lisishuke na mzigo hadi Jumatano. Nililipia lori la jirani safari moja, iliniuma, lakini nilikubali. Jumatano alirudi na mipira ya kalipa, akasafisha pistoni, akatoa hewa kwenye breki, akaweka pedi mpya kushoto na kulia, kwa sababu zikiwekwa upande mmoja tu gari lingevuta. Kabla gari halijasogea alikanyaga pedali mara nyingi hadi ikawa ngumu.

Nililipa 25,000 kuja na kukagua magurudumu manne, na 60,000 ufundi wa Jumatano. Spea nilinunua mwenyewe kwa orodha aliyoniandikia.

Yapo ya kurekebisha. Ana stendi moja tu, kwa hiyo anakwenda gurudumu moja moja, na siku ya kwanza alimaliza saa nane mchana. Nati anakaza kwa bomba refu na uzito wa mwili. Anunue spana ya kupimia nguvu, kazi yake inastahili. Risiti hana, na simu hapokei akiwa kazini, mtumie ujumbe.

Tangu hapo mwanangu anafungua magurudumu ya mbele kila mwisho wa mwezi, pale pale mbele ya stoo, mimi nashika tochi. Juzi pedi ya ndani na ya nje upande wa kushoto zilikuwa sawa, milimita 9 na 9.