Kuhama kutoka Windows 10 kwenda Linux Mint: faili zilizofunguka na zilizogoma

Baada ya Microsoft kusitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta za ofisi yangu ndogo ya uchapaji hapa Morogoro zilibaki njia panda, kwa sababu bado ni nzima lakini hazitimizi masharti ya Windows 11, ambayo inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Isipokuwa moja, nilizihamishia Linux Mint 22, mfumo endeshi wa bure utakaopata masasisho hadi mwaka 2029. Kasi na mwonekano wake vimekwisha kuelezwa na wengi. Mimi nitazungumzia faili na programu tu, kwa kuwa hapo ndipo kazi ya mteja inapoharibika au kusalimika.

Barua, wasifu wa kazi na mihtasari ya vikao iliyoandikwa kwa Word inafunguka bila shida kwenye LibreOffice, programu za bure za ofisi zinazokuja na Mint. Tatizo huwa fonti. Calibri, iliyokuwa fonti ya kuanzia ya Word tangu toleo la 2007, ni mali ya Microsoft na haiji na Linux, lakini ipo fonti huru iitwayo Carlito ambayo herufi zake zimepimwa kwa upana uleule, hivyo ikiwa imesakinishwa mistari hukatika palepale na ukurasa haurefuki. Aptos, iliyochukua nafasi ya Calibri katika Word mpya, ndiyo inayosumbua: barua ya ukurasa mmoja inaweza kusukuma sahihi na muhuri kwenye ukurasa wa pili. Kwa hiyo sasa ninamwomba mteja alete PDF kama kazi imekamilika, na faili ya Word ikiwa tu kuna cha kurekebisha.

Majedwali ya Excel, kwa mfano orodha za michango ya harusi na ada za wanafunzi, yamehama vizuri pamoja na kanuni zake za kujumlisha. Hata hivyo, anayetumia kanuni ya XLOOKUP, ile ya kutafuta thamani ndani ya jedwali, ajue kwamba LibreOffice 24.2 inayokuja na Mint 22 haiitambui. Iliingizwa katika toleo la 24.8, ambalo au jipya zaidi yake hupatikana kwa njia ya Flatpak, mfumo wa kusakinisha programu, ndani ya duka la programu la Mint. Makro fupi, yaani amri zinazojiendesha ndani ya jedwali, zinakubali, ila zile zenye fomu za kujaza nyingi hazifanyi kazi ipasavyo. Jedwali linalovuta takwimu kutoka faili nyingine iliyokuwa kwenye diski D nalo hupoteza njia, maana Linux haina diski C wala D, na kila kiungo lazima kielekezwe upya.

Wakati wa kunakili, diski ya Windows inaweza kuonekana lakini ikakataa kuandikwa chochote. Mara nyingi chanzo ni ule uwashaji wa haraka wa Windows, ambao huiacha diski katika hali ya nusu usingizi; ukiizima Windows huku umeshikilia kitufe cha Shift, inajifunga kikamilifu. Halafu majina: kwa Linux, «Barua.docx» na «barua.docx» ni faili mbili tofauti, na inakuruhusu kuweka nuktapacha katika jina, jambo ambalo flashi nyingi za wateja hazilipokei.

Kadi za mialiko ndizo zilizonitoa jasho. Miaka yote tulizitengeneza kwa Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kurasa, na ingawa LibreOffice Draw inafungua faili za aina hiyo, haiwezi kuzihifadhi tena katika muundo wake, na maandishi ya kupindapinda ambayo kamati za harusi huyapenda mno (mimi binafsi siyapendi) hupotea au huhama mahali pake. Nilizifungua zote kwenye Publisher yenyewe kabla ya kuhama, nikatoa nakala za PDF, kisha violezo vinavyoagizwa sana nikavisuka upya kwa Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa. Kazi hiyo ilichosha, ila wanaobaki Windows nao itawafika, kwani Microsoft imetangaza kwamba Publisher itafikia mwisho wake Oktoba 2026.

Programu yetu ya mauzo ya duka ilitengenezwa kwa ajili ya Windows pekee. Kwa kutumia Wine, inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux, ilifunguka na kuonyesha bidhaa, lakini ilipofika kwenye kuchapa risiti iliganda, na sikuona busara kuijaribia hesabu za watu. Kwa sababu hiyo mashine moja imebaki na Windows 10, imetolewa kwenye intaneti, inafanya mauzo tu; jioni tunatoa ripoti ya siku kwa CSV (faili ya maandishi matupu ambamo safu hutenganishwa kwa alama kama koma), nayo LibreOffice inaifungua mradi uchague koma kuwa kitenganishi kwenye kidirisha kinachojitokeza.