Vijiti vya kulenga: kifaa rahisi cha kujifunza kupinda mpira wa gofu

Vijiti viwili vya faibaglasi, kila kimoja takriban sentimita 120, hufundisha kupinda mpira kwa makusudi vizuri kuliko vifaa vingi vya betri. Vinatenganisha mambo mawili ambayo wanaojifunza huyachanganya: mpira huanza safari karibu na pale uso wa fimbo, yaani sehemu inayogonga mpira, unapoelekea, kisha hupinda kwa sababu uso huo na njia ya fimbo, yaani upande fimbo inakosafiri inapogonga, havielekei pamoja.

Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia na kutaka mpira upinde kushoto, kijiti kimoja kilazwe chini kuelekea bendera ya shimo unalolenga. Cha pili kikae mbele ya vidole vya miguu, kikielekea kulia kwa digrii 4 au 5 tu. Piga ukifuata kijiti cha miguuni, uso wa fimbo ukiwa katikati ya mielekeo hiyo miwili. Hapa ndipo wengi hukosea: uso wanauelekeza kwenye bendera yenyewe, basi mpira unaanzia hapo na kuishia kushoto mno. Kupinda kulia, geuza kila kitu.

Tumia fimbo ya chuma namba 6 au 7. Fimbo zenye uso uliolala sana hazipindi mpira vya kutosha kuonekana.

Kasoro kubwa: vijiti havionyeshi mpira umegonga wapi kwenye uso wa fimbo. Kwa draiva, fimbo ya mapigo ya mbali, kugonga upande wa ncha (ulio mbali na mpigaji) huvuta mpira kushoto hata njia ikiwa sahihi. Nyunyiza poda ya miguu kwenye uso wa fimbo, alama itabaki.