The Thing ya 2011: bando limekwenda, uoga sijauona

Jana usiku nimeimaliza muvi ya The Thing ya 2011, taa nimezima, hedifoni masikioni, nataka kutishwa kama nilivyotishwa na ile ya zamani ya John Carpenter, ya 1982. Wapi. Nimesinzia mara mbili.

Ile ya zamani niliiona kibanda umiza, kaseti imechoka mpaka picha inacheza, na nakumbuka ukumbi ulivyovurugwa maana sisi tumezoea steringi yule pale na adui yule pale, sasa hapa wanaume kumi na wawili wapo kambini Antaktika, barafu kila upande, na kuna dude linamwingia mtu linamwiga kila kitu, sura, sauti, mpaka mazoea yake, hujui umshangilie nani. Hadi Kurt Russell ambaye ndo steringi, kuna mahali wenzake wanamfungia nje kwenye baridi na wewe uliyekaa kwenye benchi huna uhakika kama wamekosea.

Halafu ile sini ya damu bana. Watu wamefungwa kamba, kila mtu damu yake kwenye kisahani, jamaa anapasha waya mpaka uwake, anachovya, tsss, huyu mzima. Anachovya cha pili, tsss. Muziki hakuna. Anaanza kubishana na mwingine kabisa huku mkono unaendelea na kazi, ghafla damu inaruka kwenye kisahani inapiga kelele, na mwenye hiyo damu kafungwa kochi moja na wenzake ambao hawawezi kukimbia. Mimi pale nilimkanyaga mtu.

Sasa hii ya 2011 inasimulia ile kambi ya Wanorwe waliolikuta dude kabla ya hao Wamarekani. Wazo zuri tu. Mary Elizabeth Winstead kacheza mwanasayansi na hajaharibu kitu dada wa watu. Ila lile shoka, ile maiti yenye sura mbili, kila kitu ulichokiona kwenye ya zamani lazima uonyeshwe kilitokeaje, inakuwa kama mtu anahakiki stoo, shoka lipo, maiti ipo, tiki, twende.

Badala ya damu wameleta meno. Dude haliwezi kuiga chuma, kwa hiyo aliyezibwa jino ndo binadamu, dada anamulika midomo na tochi. Ubunifu upo sikatai. Lakini kwetu jino likiuma linang'olewa, nikajiangalia nikaona hapo mtaa wetu mzima tungewekwa upande wa kuchomwa moto.

Kilichoniuzi zaidi ni dude lenyewe. Ile ya 1982 kijana Rob Bottin, miaka ishirini na kitu tu, alitengeneza madude ya mpira yanachuruzika ute, unajua kabisa ni mpira lakini unaona kitu kipo mle chumbani na hao watu. Hii nayo mafundi walitengeneza madude ya kushikika, halafu mengi yakaja kufunikwa na grafiki za kompyuta, ndo unaona linakimbiza watu kwenye korido kama gemu. Na hebu niambieni, dude lenye uwezo wa kukaa ndani ya mtu likanywa naye kahawa bila kujulikana, linatafuta nini kukimbizana na watu hadharani? Ukishaliona linakimbia basi, adui unamjua, umebaki kusubiri nani anakamatwa. (Hao mafundi baadaye walichangisha hela kwa watu wakatengeneza muvi yao wenyewe, imetoka 2015, sijaiona bado ila naitafuta.)

Dakika tamu kuliko zote ipo mwishoni majina yanapopita. Mbwa anakatiza kwenye theluji, helikopta inamfukuza, na muziki wa Morricone wa ile ya zamani unaingia taratibu, nywele zikanisimama. Mama Asha aliyekuwa kalala tangu dakika ya ishirini akafumbua jicho akaniuliza, "Baba Asha, ndo inaanza?"