Meza ya mpira wa meza kutoka Keko: miguu safi, kiungo hapana

Meza nyingi za dukani zina miguu iliyokaa pembeni kabisa. Anayecheza amesimama hana habari nayo, lakini sisi wa kiti mwendo tukisogea tu, magoti yanagonga chuma. Kanuni za mchezo wetu zinataka miguu iingie ndani angalau sentimita 40 kutoka mstari wa nyuma. Ndiyo maana niliachana na maduka nikaenda kuagiza kwa fundi wa Keko, Dar es Salaam.

Kumweleza haikuwa kazi ndogo. Nilimfungulia kwenye simu video ya Ibrahim Hamadtou, yule Mmisri aliyepoteza mikono yote miwili kwenye ajali ya treni akiwa na miaka 10. Raketi anaishika kwa meno, mpira anaurusha kwa vidole vya mguu, na hivyo hivyo akafika Paralimpiki ya Rio 2016, kisha Tokyo. Medali hakupata, ila karakana nzima iliacha randa ikaja kutazama. Nikawaambia kwenye madaraja ya wachezaji wenye ulemavu huyo yuko la 6, anacheza wima. Madaraja ya 1 hadi 5 ndiyo yetu tunaokaa, na kwetu chini ya meza kuna maana kama juu. "Kwa hiyo dada, miguu tuisukume ndani?" Hapo hapo tukaelewana.

Miguu ya skwea paipu imechomelewa vizuri, haitikisiki hata ukiiegemea. Kimo ni sentimita 76 kamili, nimepima mwenyewe.

Tatizo liko juu. Nusu ya meza ni sentimita 137 kwa 152.5, na ubao wa futi 8 kwa 4 una upana wa sentimita 122 tu, kwa hiyo lazima aunge kipande. Kakiunga karibu na wavu! Mpira wa kawaida ukidondoshwa kutoka sentimita 30 unatakiwa uruke kama 23. Kwingine unaruka hivyo, lakini juu ya kiungo unalala. Na sisi wa viti ndiko tunakomaliziana, kwa mipira mifupi inayorudi nyuma, kwa sababu mpinzani hawezi kuinuka kuifuata. Angeniuliza, ningesema akiweke mwisho wa meza.

Amekubali kubadilisha ubao bila kunitoza ufundi, nalipia mbao tu. Nimemwambia atumie marini bodi, ubao unaostahimili maji, maana ile emdiefu (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya mwanzo imeanza kuvimba pembeni kwa unyevu wa Dar.

Jambo jingine: njia ya kuingia karakanani ni mchanga na maranda matupu, kiti hakipiti. Vijana walinibeba kwa heshima, sawa, lakini bora upige simu umwombe atoke nje. Kirikuu ya kupeleka meza utajitafutia, yeye hana. Na vipimo mwandikie kwenye karatasi, mahali pa kiungo pakiwemo.