Kusafirisha insulini kwa ndege kutoka Dar hadi Mwanza: uzoefu wangu na mawakala wawili

Nina duka la dawa la jumla hapa Mwanza, na kati ya dawa zangu zinazohitaji baridi, insulini ndiyo inayotoka zaidi. Naichukua kwa waagizaji wa Dar es Salaam na inanifikia kwa ndege. Nimefanya kazi na mawakala wawili wa mizigo. Wa kwanza tulishaachana. Wa pili ndiye niliye naye hadi leo, na nampa alama nne kati ya tano bila kusita. Majina siyataji, naeleza kazi yao ili mwenye duka, zahanati au hospitali ajue aangalie nini kabla ya kukabidhi mzigo wake.

Sababu ya kutumia ndege iko wazi. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, na buti la basi likishapigwa jua la mchana kutwa, boksi la kawaida haliwezi kuhimili. Angani ni kama saa moja na nusu tu. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Tunaogopa sana joto, na ni haki tuliogope, lakini insulini ikiganda mara moja tu imekwisha, hata kama itayeyuka na kuonekana safi. Chanjo nyingi zina ile alama kwenye kichupa inayobadilika rangi zikipata joto kupita kiasi. Insulini haina. Mama anayemchoma mwanawe asubuhi na jioni hana namna ya kujua kwamba anamchoma maji. Sukari itapanda, ataambiwa mtoto amekula vibaya, dozi itaongezwa, na kosa lilifanyika kwenye meza ya kufungia mizigo Dar.

Wakala wa kwanza alikuwa na bei nzuri na maneno matamu. Mzigo ulionifanya niachane naye ulifika kwenye boksi la stairofomu lililozungushiwa utepe mpaka halionekani. Nilipolifungua, paketi za karatasi za insulini zilikuwa zimelowa, nyingine zimenata kwenye aispaki, zile pakiti za barafu. Hapakuwa na hata kipande cha kadibodi kati ya barafu na dawa. Data loga aliyoiweka muuzaji, kifaa kidogo kinachorekodi joto njia nzima, ilikuwa inawaka taa nyekundu. Nikaichomeka kwenye kompyuta, grafu ikaeleza yote: muda mfupi baada ya boksi kufungwa, mstari ulishuka chini ya sifuri na kukaa huko zaidi ya saa mbili. Aispaki zilitolewa friza na kupangwa moja kwa moja juu ya dawa. Wakati wa safari yenyewe mstari ulitulia vizuri kabisa. Kisha mchana, mzigo ukiwa umeshashushwa Mwanza na mtu wa wakala hajatokea kuuchukua, ulipanda hadi nyuzi 16.

Kwa hiyo mzigo mmoja uliganda na kupata joto, na ndege yenyewe haikuwa na kosa lolote. Nilipompigia wakala, jibu lake lilikuwa kwamba barafu ilikuwepo, nataka nini tena. Dawa zote niliziweka karantini, nikamwandikia muuzaji na kumpelekea grafu, na zikaingia kwenye utaratibu wa kuteketezwa chini ya usimamizi wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Wiki ile kuna kliniki za visiwani nilizoziambia sina insulini. Hilo liliniuma kuliko hasara ya pesa.

Wakala wa pili nilimpenda kabla hata hajanitajia bei, kwa sababu aliuliza maswali. Dawa gani? Isigande au inaruhusiwa kugandishwa? Nani anapokea, na ana friji pale anapopokelea? Boksi langu linahimili saa ngapi? Nikimuuliza mtu bei na yeye akanijibu bei tu, siku hizi namuaga.

Kazi yake iko hivi. Aispaki zinatolewa friza na kuachwa mezani mpaka zitoke jasho na maji yasikike ukizitikisa; hapo ndipo zinakuwa nyuzi sifuri na haziwezi tena kuigandisha dawa. Kwa mizigo mikubwa anatumia pakiti za PCM, zile ambazo maji yake ya kemikali yanaganda kwenye nyuzi 5, na hizo nimeziona zinashikilia mstari ukiwa umelala kama umechorwa kwa rula. Kati ya pakiti na dawa kuna kadibodi. Data loga inakaa katikati ya dawa, haibandikwi kwenye mfuniko.

Kuna jambo moja alinifundisha ambalo sikulijua kwa miaka yote niliyouza dawa. Ile lebo ya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, ya mizigo inayoathiriwa na muda na joto, ambayo ni ya lazima tangu 1 Julai 2012, ina sehemu ya chini ya kuandika kiwango cha joto, na haitakiwi kuachwa wazi. Mimi ningeandika 2 hadi 8. Yeye anaandika 15 hadi 25. Kinachoandikwa pale ni joto la mahali boksi linapowekwa, na boksi letu limetengenezwa kuitunza dawa kwenye 2 hadi 8 likiwa nje, kivulini. Namba hizo ndizo mtu wa ghala la mizigo anazisoma ili ajue boksi likae wapi. Boksi linasindikizwa na maelekezo ya maandishi, na picha ya AWB, yaani hati ya mzigo wa ndege, inanifikia kwenye simu kabla ndege haijaruka.

Anapanga ndege ya alfajiri kila inapowezekana, na mtu wake anakuwa uwanjani kabla ndege haijatua. Saa zile ambazo boksi liko chini, kwenye mkokoteni, halina ndege wala friji, ndizo unazomlipa wakala azisimamie. Mengine ni karatasi.

Alama moja niliyomnyima ni ya bei, na hasa namna anavyoielezea. Mizigo ya ndege hutozwa kwa uzito au kwa ujazo, chochote kilicho kikubwa. Boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 50 ukizidisha na kugawa kwa 6,000 unapata kilo 25, hata kama kwenye mizani lina kilo 14. Boksi zuri lina kuta nene, kwa hiyo unalipia hewa nyingi. Hilo ni sawa, lakini aliseme mapema. Mara ya kwanza nililiona kwenye ankara. Simu yake pia haipatikani Jumapili.

Nyongeza kwa wanaoanza: kuna mawakala watakaokushauri barafu kavu ili "iwe baridi zaidi". Kwa insulini kataa. Ina nyuzi kama 78 chini ya sifuri, na kwenye ndege inahesabiwa mzigo hatarishi wenye masharti yake. Inafaa kwa vitu vinavyotakiwa kuganda. Pia usisaini kupokea kabla hujafungua boksi na kusoma data loga pale pale. Mwambie mleta mzigo asubiri. Na usikubali mzigo uondoke Dar Ijumaa jioni. Ndege ikiahirishwa, boksi la saa 48 litamaliza muda wake Jumapili jioni, ghalani, na funguo za ghala anazo mtu aliyeko nyumbani kwake.